Kinaya cha Haki katika The Last Days of Pompeii

Katika riwaya hii ya Edward Bulwer-Lytton (1834), msomaji anajua tangu anwani kwamba Mlima Vesuvius utalipuka, kama ulivyolipuka mwaka 79 B.K.; wahusika hawajui. Taharuki basi haimo katika litakalotukia, bali katika atakayenusurika. Simba, akihisi maafa, anakataa kumshambulia Glaucus, aliyesingiziwa. Arbaces, muuaji halisi, anaangamia. Volkano imegeuzwa hakimu. Hata hivyo, haki hiyo ina walakini. Nydia, kijakazi kipofu aliyezoea giza, ndiye anayewaongoza Glaucus na Ione hadi baharini. Kisha, kwa kumpenda Glaucus asiyempenda, anajitosa majini. Mapenzi ya waungwana yanaokolewa. Kafara inatolewa na mtumwa.