Kasoro za Istilahi "Uchaguzi wa Jinsi"

Katika mapendekezo ya istilahi za elimu ya viumbe tuliyoyapitia limo hili la "uchaguzi wa jinsi", kwa maana ya kiinitete kuwa dume au jike. Hatulikubali. Kuchagua kwahitaji mwenye hiari, na ndani ya yai la kasa hakuna mwenye hiari. Litendalo ni joto la mchanga: likiwa chini ya nyuzi 29 hivi za Selsiasi, mayai hutoa madume wengi, likizidi hapo, majike. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba kasa wadogo waliotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya 99 kwa mia walikuwa majike. Msomaji aliyeambiwa kwamba kasa huchagua ataionaje hatari hiyo? "Uamuzi" nao una kasoro ile ile, ingawa umevaa joho la hakimu.

Kosa la pili ni zito zaidi. Orodha yagawa reptilia mafungu mawili, "wenye jinsi ya urithi" na "wenye jinsi ya mazingira", kana kwamba ni makabila mawili yasiyooana. Kwa nyoka, wafuatao kromosomu, na mamba, wafuatao joto, mgawanyo huo wafaa. Lakini mjusi wa Australia, Pogona vitticeps, auvunja. Kwa kawaida mwenye ZZ ni dume na mwenye ZW ni jike. Hata hivyo, yai la ZZ likikaa katika joto la zaidi ya nyuzi 32 laweza kutoa jike mwenye uzazi. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba majike hao wapo porini. Wakizaa na madume wa kawaida, watoto hawana W kabisa, na jinsi yao hutegemea joto tu. Ukoo umehama njia kwa kizazi kimoja! Istilahi ya mageuko (si "maendeleo", tafadhali) isiyoweza kueleza kuhama huko ni mzigo kwa mwalimu.

Twapendekeza "ujengekaji wa jinsi", na panapohitajika, "kwa jeni" au "kwa joto". Kujengeka hakudai mtendaji, na mjusi mmoja aweza kuwa na njia zote mbili. "Mazingira" ni neno pana mno hapa.

Joto litoalo madume na majike nusu kwa nusu lingeweza kuitwa "joto la mlingano". Lakini mamba wa Mto Nile hutoa majike katika joto la chini na la juu, na madume katikati. Kwake yatahitajika mawili, na "majoto" hayasemeki. Tuseme "kiwango cha mlingano", ambacho wingi wake hausumbui.