Ngwe Zetu

Sisi tuliokulia katika msaragambo hatumwamini Frederick Brooks kirahisi. Kidole kimoja hakivunji chawa, tuliambiwa. Naye Mmarekani huyu anadai kwamba programu ya kompyuta ikichelewa, ukiongeza watu unaichelewesha zaidi. Anajua alisemalo. Miaka ya 1960 alisimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za IBM, ukamchelewa. Mwaka 1975 akatoa kitabu chake, The Mythical Man-Month.

Hoja yake ni hesabu ndogo tu. Watu 3 wana jozi 3 za kuelewana. Watu 7 wana jozi 21. Shambani kila mtu ana ngwe yake, hana haja ya kumuuliza jirani. Programu, asema, haigawanyiki hivyo.

Niliyaona hayo katika ofisi moja. Programu ya mishahara ilichelewa, mkubwa wetu akatuletea vijana wanne. Sisi tulikuwa watatu. Wiki tatu tulishinda tukiwafundisha, na sehemu ya makato haikuongezeka hata mstari. Mwisho wa mwezi wahasibu walikesha wakipiga hesabu kwa mkono, na baadhi ya watu wakapunjwa. Mlinzi wetu, mtu mzima, alinionyesha karatasi yake ya malipo: "Mwanangu, nyingine zimekwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Hata hivyo, Brooks tusimmeze mzima mzima. Anasifu wazo la Harlan Mills la timu iliyo kama ya upasuaji: mmoja ashike kisu, wengine wamhudumie. Kweli, amemwekea msaidizi anayeijua kazi yote. Lakini wakubwa wanaobana matumizi humwajiri daktari wakamsahau msaidizi. Wetu alipolazwa kwa malaria, maandishi yake hayakusomeka kwa yeyote.

Nampenda zaidi katika toleo la 1995. Awali alitaka kila mwandishi wa programu aone undani wa kazi ya wenzake wote. David Parnas alipinga: kila sehemu ifiche mambo yake ya ndani. Baada ya miaka 20 Brooks akakiri waziwazi kwamba Parnas ndiye aliyekuwa sahihi. Kumbe ngwe zawezekana, ila hukatwa kabla ya jembe la kwanza. Siku walipoingia wale vijana wanne, makato, posho na saa za ziada vyote tulikuwa tumeviandika katika faili moja.