Geji 28 ina unene gani?

Bati la kuezekea nyumba Kibakwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, huulizwa dukani kwa geji: 28, 30 au 32. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mpangilio huo ulirithiwa kwa wavuta waya wa Uingereza, ambao walihesabu matundu waya ulikopitishwa; uliopita mengi zaidi ulikuwa mwembamba zaidi na ulibeba namba kubwa zaidi.

Geji, kwa hiyo, ni namba ya mstari katika jedwali, na majedwali ni mengi. Katika jedwali la waya lililofanywa rasmi Uingereza mwaka 1884, geji 28 ni milimita 0.376. Katika jedwali la Birmingham, lililotengwa kwa mabati, ni 0.397. Marekani hali ni ngumu zaidi, kwani kila metali ina jedwali lake: geji 28 ya chuma kitupu ni 0.378, ya chuma chenye zinki 0.475, ya alumini 0.320. Jedwali la chuma lilitokana na sheria ya mwaka 1893 iliyopanga geji kwa uzito wa bamba. Lile la alumini linafuata kipimo cha Brown & Sharpe cha mwaka 1857, ambamo kila hatua hupunguza unene kwa takriban asilimia 11. La chuma chenye zinki linajumlisha tabaka la zinki, tena nene mno kwa mazoea ya leo: gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili pamoja, huongeza kama milimita 0.04 tu.

Rangi nayo huongeza unene. Maikromita ikibana bati la rangi inasoma chuma, zinki na rangi kwa pamoja, ilhali kinachobeba mzigo ni chuma. Unene wa kuulizia ni ule wa chuma kabla ya kupakwa.

Upungufu mdogo wa unene una gharama kubwa. Bamba bapa likishuka kutoka milimita 0.30 hadi 0.25 hupoteza asilimia 42 ya ukakamavu wake. Likiwa na migongo hupoteza karibu moja ya sita tu, na ndiyo maana bati jembamba la msauzi huonekana imara juu ya papi. Migongo haisaidii hivyo pale kwenye msumari, ambako upepo hulivuta bati hadi tundu likapanuka. Udongo wa paa la tembe, nyumba ya jadi ya huku, ulikuwa mzito kiasi cha kutojali upepo. Bati halina uzito huo. Kwenye uwanda mkavu wa Dodoma kutu huenda polepole kuliko pwani yenye chumvi, hivyo mnunuzi wa Kibakwe afadhali aongeze fedha kwenye unene wa chuma kuliko kwenye zinki.

Pasipo maikromita, mizani ya mazao inatosha. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita moja ina kilo 7.85, ya alumini ina kilo 2.7. Bati la chuma la mita 3, lenye upana wa mita 0.9 kabla ya kukunjwa migongo, lina kilo 6.4 likiwa na milimita 0.30, na kilo 5.3 likiwa na 0.25. Upana hupimwa kwa kamba inayofuata migongo yote, kupanda na kushuka, na zinki na rangi huongeza uzito kidogo.