Gorila Ana Jina, Mbebaji Hana

Picha nyingi za Virunga zinazotufikia huku Uganda, kwenye simu na kwenye kalenda za ofisi za mashirika, ni za aina moja: ukungu, kilele cha Mikeno, jani lenye umande, gorila anatafuna majani. Nzuri, sikatai. Lakini ukizitazama kumi mfululizo utadhani mlima ule haujawahi kuwa na watu. Sisi wa Rutshuru tunajua mashamba ya maharage yanafika mpaka ukingoni mwa msitu. Mpiga picha amesogea hatua mbili mbele ili shamba lisionekane. Mimi mtindo huo umenichosha.

Ndiyo maana naisifu picha ya Brent Stirton ya Julai 2007. Senkwekwe, dume kubwa lililopigwa risasi pamoja na majike wa familia yake, amelala chali juu ya miti iliyofungwa, na wanaume wengi wamembeba kumtoa msituni. Picha ilizunguka dunia, ikapata tuzo ya World Press Photo. Watu walimlilia gorila. Jicho langu mimi linaenda kwenye mabega. Hivyo ndivyo tunavyobeba mgonjwa kwa kipoyi hadi kituo cha afya, na hivyo tumebeba maiti zetu. Stirton angeweza kupiga uso wa mnyama tu, karibu, na dunia ingelia vilevile. Aliwaacha wabebaji wajae kwenye picha, na uzito wa yule dume tunaujua kupitia kwao. (Mauaji yale yalihusishwa na biashara ya makala. Na sisi mjini Goma tulipika kwa nini? Makala. Picha haisemi hilo, na picha moja haiwezi kusema yote.)

Halafu kuna ile selfi ya 2019 ya mlinzi wa hifadhi Mathieu Shamavu, magorila wawili wamesimama nyuma yake kama ndugu wanaosubiri zamu yao ya kupigwa picha. Dunia ilicheka sana. Wachache walijua kwamba wale ni Ndakasi na Ndeze, waliobaki yatima kwenye mauaji ya mwaka uleule wa 2007. Kwa utunzi ni picha ya kawaida, ya simu. Ila inanishika, maana safari hii Mkongomani ndiye anayeshika kamera, uso wake uko mbele, na jina lake linajulikana. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, palepale kilipo kituo cha mayatima hao. Nani kati yenu ameona nyuso zao kwenye simu yake?

Hapo ndipo lawama yangu kwa picha ya Stirton, pamoja na sifa zote. Kila maelezo niliyoyasoma chini yake yanamtaja Senkwekwe. Wabebaji ni "wanakijiji" na "walinzi", basi. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mnaupenda mlima na wikendi mnapanda na kamera, haya si mageni kwenu. Ripoti zenu zinaandika "mkimbizi, mama wa watoto 5". Mtasema jina linaweza kumletea mtu hatari, na mara nyingine ni kweli kabisa. Basi aulizwe mwenyewe. Akikataa, imeisha. Wengi wetu hatujawahi kuulizwa.

Ningepata picha ile ya 2007 ichapwe kubwa, ningeibandika ukutani pale tunapokutania Jumamosi, na kando yake kalamu iliyofungwa kwa uzi. Humu kambini kuna watu wa Bukima, wa Rumangabo, wa Kibumba. Miaka imepita, lakini mtu anamtambua kaka yake hata kwa bega.