Kovu Halidanganyi

Kiswahili kinaliita simbi la pwani kauri, na chombo cha udongo mweupe ung'aao nacho kinakiita kauri. Waitaliano walifika pale pale kwa njia yao: porcellana ni simbi, na ni sahani pia. Bahari mbili, mng'aro mmoja.

Mng'aro huo ndio uliozipatia sahani za kigeni nafasi katika zidaka za nyumba za kale za Lamu, zikipangwa uso ukimwelekea mgeni. Mthamini wa kauri kuukuu ni mgeni wa aina nyingine. Uso huutupia jicho tu, kisha akakipindua chombo, kwa kuwa anaujua uzuri wa mkakasi. Ufundi wake uko kitakoni, na ndio ninaotaka kuusifu.

Tuchukue sahani ya Arita, katika kisiwa cha Kyushu, Japani. Kauri ilianza kutengenezwa huko mwanzoni mwa karne ya 17, na mapokeo humtaja Yi Sam-pyeong, mfinyanzi kutoka Korea, kuwa ndiye aliyeivumbua malighafi yake. Baada ya nasaba ya Ming kuanguka mwaka 1644 na vita kuziyumbisha tanuri za China, Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki, katika kisiwa kidogo cha Dejima, waliigeukia Arita. Mwaka 1659 waliagiza vyombo zaidi ya 50,000 kwa mkupuo. Shehena zilipitia bandari ya Imari, na jina la bandari likawa jina la sahani.

Sasa ipindue. Huenda ukakuta jina la Chenghua, mfalme wa China wa karne ya 15. Mwanafunzi atashangilia kwamba amepata kauri ya Ming. Mzoefu hatashtuka: wafinyanzi wa Arita walikuwa na desturi ya kuandika majina ya wafalme wa China. Yeye anatafuta vidoa vidogo vinavyokwaruza, vitatu, vinne au zaidi. Sahani pana ilipowekwa tanurini, kitako kiliegemezwa kwenye vijiti vya udongo ili kisibonyee kwa moto; vijiti vilipovunjwa, viliacha makovu. Wachina kwa kawaida hawakufanya hivyo. Maandishi yaliwekwa ili yasomwe. Kovu halikumkusudia msomaji yeyote, na ndiyo maana linaaminika.

Kisha kidole hupita juu ya rangi. Buluu ya kobalti imelala chini ya utando wa kioo, haipapasiki. Nyekundu na dhahabu zilichomwa baadaye juu ya utando, na dhahabu ndiyo huchujuka kwanza. Lenzi ya sonara huonyesha mikwaruzo ya kweli ya matumizi, iliyokwenda ovyo kila upande. Ikiwa imepangika, kuna mtu aliyeizeesha sahani kwa msasa.

Sheria nayo iliacha alama zake. Kuanzia mwaka 1891 Marekani ilidai kila bidhaa ya kigeni itaje nchi ilikotoka. Vyombo vya Japani vikaandikwa Nippon, hadi mwaka 1921 Marekani ilipotaka jina liwe Japan. Neno moja laweza kuzifuta karne mbili za umri ambazo muuzaji anazidai.

Bei huja mwisho. Mthamini hugonga ukingo kwa ukucha: kauri nzima hulia kama kengele, yenye ufa hukoroma. Humulika miale ya urujuanimno, na rangi iliyopakwa kuficha nyufa hujitokeza. Lakini si kila mkwaruzo hushusha bei. August, mtawala wa Saxony aliyekuwa na uchu wa kauri, alikusanya maelfu ya vyombo huko Dresden, na namba za orodha zikachongwa kwenye vitako vyao. Leo sahani yenye namba hiyo hugombewa mnadani, kwani kovu lile linaeleza ilikotoka.

Msomaji unayetaka kuanza, usinunue sahani nzima. Nunua iliyovunjika: ni rahisi, na pale ilipokatika utauona udongo wenyewe, utando na rangi, kila kimoja mahali pake. Hakuna muuzaji atakayekufunza zaidi ya hapo.