Jedwali la Maji Ukutani

Nilipeleka andiko langu likiwa na kurasa 35, nikiamini limekamilika. Lilihusu mwani: kwa nini aina ya kotonii inayopandwa pwani ya mashariki ya Unguja huoza kabla ya kuvunwa, na kama itapona ikihamishiwa maji ya kina. Mkuu wa ofisi ya ruzuku ya chuo chetu alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu aliniita, akalifungua kwenye ratiba ya kazi, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akauliza, "Mwalimu, hizi Jumatatu zote, maji yatakuwa yametoka?"

Nilikuwa nimeandika kwamba tutapima mashamba kila Jumatatu kwa miezi 18. Lakini mwani haulimwi kwa kalenda ya ofisi. Tangu kilimo hicho kianze Paje na Jambiani mwaka 1989, wakulima, wengi wao akina mama, huingia shambani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakatoka mpaka kamba zikaonekana. Yakija maji mafu, shamba linabaki chini ya bahari. Nusu ya Jumatatu zangu zingetukuta tumesimama ufukweni na vipimo mkononi. Mimi ndiye niliyesomea viumbe vya baharini, yeye alisomea uhasibu. Ila alikuwa ameichukua ratiba ile akaiishi kichwani, wiki baada ya wiki, na alipofika wiki ya pili akakwama.

Tangu siku hiyo nimeitazama kazi yake kwa makini, kama mtu anavyomtazama seremala anayejua mbao. Wengi wetu chuoni tunaichukulia ofisi ile kama mahali pa mihuri: unapeleka andiko, linasainiwa, unaondoka. Sivyo. Anachofanya mama yule ni kuutembea mradi wa mtu mwingine kabla haujaanza, kwa miguu yake mwenyewe, akitafuta pale mguu unapozama.

Huanza na bajeti. Utangulizi na nadharia atavifikia baadaye. Hutandika bajeti upande wa kushoto wa meza na ratiba upande wa kulia, akashika kalamu ya risasi, kisha kila kazi iliyotajwa kulia anaitafutia fedha yake kushoto, na kila fedha iliyoko kushoto anaitafutia kazi yake kulia. Kisichopata mwenzake anakiwekea alama ndogo ya kuuliza. Mimi alama zangu zilikuwa 14.

Moja niikumbuke hapa, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nimeandika kwa urahisi kabisa kwamba mwaka wa pili tutahamishia kamba kwenye maji ya kina. Aliuliza, "Mashua ya nani?" Nikajibu tutakodi, nikaongeza fedha ya kukodi. Akatulia kidogo. "Na hao akina mama, wanajua kuogelea?" Wengi hawajui. Ikabidi bajeti iongezwe majaketi okozi, na mwalimu wa kuogelea, tena mwanamke. Lakini swali lilikataa kuishia kwenye bajeti. Shamba likiwa la kutembea kwa miguu, ni la mama mwenye kamba na vijiti. Likihamia kwenye kina, je, halitakuwa la mwanamume mwenye mashua? Usiku ule niliandika upya malengo ya utafiti, na swali hilo likawa lengo la tatu. Lilianzia kwenye safu ya gharama, kwa mtu asiyedai kujua sayansi hata chembe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwandishi wa andiko ni mwenyeji aliyekaa ndani ya nyumba yake mpaka hauoni tena ufa wa ukuta. Mama yule huja kama mgeni, na ugeni huo anautunza kwa makusudi. Mhadhiri akianza kujieleza kwa Kiingereza kizito cha majarida, humruhusu amalize, kisha humwambia taratibu, "Sasa niambie kwa Kiswahili, kama unamweleza shangazi yako." Nimeona profesa mzima akinyamaza dakika nzima kwa swali hilo. Halafu maneno yakaja, mafupi, na msaidizi wa ofisi akayaandika vilevile yalivyotoka. Andiko lenyewe lilikwenda kwa Kiingereza, lakini sentensi yake ya kwanza ilizaliwa pale, kwa Kiswahili, kwenye kiti cha plastiki.

Wenzetu wa afya huomba mara nyingi kwa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH. Huko malengo yote hubebwa na ukurasa mmoja, na maelezo ya utafiti katika ombi lao linalojulikana zaidi, R01, hayazidi kurasa 12. Wahakiki hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Kwa kawaida ni watatu hivi wanaopewa kulisoma ombi kwa kina. Wengine kikaoni huwategemea hao. Mama yule hulikumbusha jambo hili kila mara: ule ukurasa mmoja ni maneno unayomwazima mtu usiyemjua, akakusemee kwenye chumba ambacho hutaingia. Kwa hiyo huusoma kwa sauti. Akiishiwa pumzi katikati ya sentensi, sentensi hiyo inarudi kwa mwenyewe.

Inarudi kwa mwenyewe, nasisitiza. Haandiki kwa niaba ya mtu. Angeweza, amesoma maandiko mengi kuliko mhadhiri yeyote chuoni, na siku zikibana lazima kishawishi kiwepo. Lakini pembeni mwa kurasa zako utakuta maswali tu, kwa kalamu ya risasi, ili uweze kuyafuta. Kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote anayofanya. Fedha zikija, si yeye atakayesimama na mradi miaka mitatu, na sentensi uliyoandikiwa hutaijua njia ya kuitetea.

Kazi hii ina historia yake kwingine. Marekani wasimamizi wa ruzuku za utafiti walianzisha chama chao, NCURA, mwaka 1959, na tangu 1993 wana mtihani wa kupata cheti cha taaluma hiyo. Kusini mwa Afrika chama cha SARIMA kilianzishwa mwaka 2002, na ukanda wetu una EARIMA. Hata hivyo vyuoni kwetu bado utamsikia mtu akisema "yule wa fomu."

Fomu zipo, ni kweli, na anaziheshimu. Ana daftari jeusi la tarehe. Usajili wa chuo kwenye mfumo wa serikali ya Marekani lazima uhuishwe kila mwaka. Aprili 2022 namba ya zamani yenye tarakimu 9 ilipobadilishwa ikawa utambulisho wa herufi na tarakimu 12, yeye alikuwa ameshajipanga miezi kabla. Jina la chuo na anwani lazima vifanane kila mahali, hadi nukta. Kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, ni cha upande wa bara. Ukivuka kwenda Unguja kuna utaratibu wa Zanzibar wenyewe, na hilo huliandika kwenye ratiba kama kazi yenye wiki zake, kama zilivyo kazi nyingine.

Ukutani amebandika karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Maombi ya Umoja wa Ulaya hufungwa saa 17:00 za Brussels. Mtu mwenye haraka husoma saa kumi na moja jioni, akabaki na saa hiyo bila kukumbuka ni ya wapi. Mwingine anahesabu kwa saa za Kizungu, mwenzake kwa za Kiswahili, na wote wako kwenye simu moja. Karatasi inasema: kiangazi chao, saa 12 jioni huku kwetu, baridi yao, saa 1 usiku. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Sisi tunafunga siku mbili kabla." Siku hizo mbili hazijadiliwi. Nimewahi kuzinung'unikia. Umeme ulipokatika eneo zima jioni ya kupeleka ombi letu, ombi lilikuwa limekwishafika tangu juzi yake.

Anapokuwa mkali ni kwenye fedha za uendeshaji. Kwa miaka mingi NIH imezipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8 juu ya gharama za moja kwa moja, vifaa vikubwa vikiwekwa kando. Mpango wa Ulaya wa Horizon hutoa 25. Wahadhiri hulalamika kwamba chuo kinawakata hela yao. Yeye huwapeleka kwenye maabara, akawaonyesha friza ya sampuli inayonguruma usiku na mchana, akauliza bili yake inalipwa na nani.

Na mradi ukipita, ndipo wengine hupumzika, yeye ndiyo kwanza anaketi. Masurufu yasiporejeshwa, safari ijayo haitoki. Nahodha wa mashua hana risiti ya mashine. Kabla hatujatoa shilingi moja alimwandikia mfadhili, akapendekeza fomu yenye jina, sahihi au dole gumba, na ushahidi wa sheha, akasubiri jibu kwa maandishi. Mkaguzi alipokuja, jibu lilikuwa la kwanza kwenye faili.

Ombi letu la mwani lenyewe, mara ya kwanza lilikataliwa. Barua ilipokuja hakunitumia; alinipigia simu, akanisomea aya ya mwisho tu, akasema, "Iache ilale mpaka Alhamisi." Alhamisi tuligawa maoni ya wahakiki mafungu mawili: pale walipotuona vibaya kwa sababu tuliandika vibaya, na pale walipokuwa na haki. Fungu la pili lilikuwa fupi, nalo ndilo tulilokaa nalo hadi jioni. Mwaka uliofuata tulipata.

Juzi nilipita ofisini kwake kusalimia. Pembeni ya karatasi ya Brussels kuna jedwali la maji la mwaka huu, siku za bamvua zimezungushiwa duara. Hakuna anayeomba fedha za mwani mwaka huu; amelibandika tu. Mbele yake alikaa mhadhiri kijana wa jiolojia, kurasa zimetandazwa, bajeti kushoto, ratiba kulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu, kaa." Hakuinua macho. Kidole kilikuwa chini ya mstari. "Haya mashimo yenu," alimwambia yule kijana, "mtayachimba mwezi wa nne?"

Kijana alitazama ratiba yake, kisha akageuka kutazama dirishani, ambako masika ilikuwa imeanza kupiga mabati.