Lawino Akija Jumuiyani

Shutuma kali kuliko zote ninazozijua dhidi ya sala za Kikatoliki katika fasihi yetu ya Afrika Mashariki haikutoka kwa mlokole. Ilitoka kwa Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, ndani ya Song of Lawino, utenzi uliochapishwa Nairobi mwaka 1966. Lawino anaingia darasa la dini la Wakatoliki ili abatizwe. Jioni baada ya jioni wanapigishwa kelele za maneno wasiyoyaelewa, wanarudia tu kama ndege wa porini. Hata Salamu Maria inamfikia ikiwa imepinda. Jina Rubanga, ambalo wamisionari walilichukua kuwa la Mungu, kwake ni jina la jini anayevunja watu uti wa mgongo. Kwa hiyo Mama wa Mungu anageuka mama wa kibiongo. Neno la neema nalo limeachwa katika Kilatini, halina maana yoyote kwake. Tunacheka. Kisha Lawino anasikia ngoma uwanjani, anawaachia darasa lao na kwenda kucheza.

Shutuma yake ina sehemu mbili. Kwanza, kwamba sala ya kukariri ni kelele. Pili, kwamba maneno yenyewe ni ya kuazima, hayakuzaliwa kinywani mwa anayeyasema. Miaka karibu sitini imepita na bado tunaisikia, siku hizi kutoka kwa jirani aliyeokoka: "Nyinyi mnasoma sala, sisi tunaomba." Wakatoliki wengi wakiambiwa hivyo hunyamaza, au hukimbilia kusema kwamba Kanisa lao ni la zamani, jibu ambalo halijibu kitu. Mimi naona tufanye kile mhakiki hufanya akiletewa maandishi yoyote: tuyasome. Tuisome Salamu Maria ya Kiswahili, na tuisome pale inaposemwa hasa, yaani kwenye rozari ya jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970.

Tuanze na neno la kwanza. Kwa Kiingereza sala hii inaanza na "Hail", neno ambalo hakuna mtu Nairobi amewahi kumwambia mwenzake barabarani. Kwa Kiswahili inaanza na salamu, na salamu kwetu si pambo. Hata ukiwa na shida inayochoma, huingii kwa mtu ukaanza kuomba kabla hujamsalimu. Sala inafuata adabu hiyo hiyo: nusu ya kwanza yote ni salamu na sifa, ombi linakuja baadaye. Msemaji wa Kiswahili hahitaji katekista amweleze kwa nini imepangwa hivyo.

Na neema? Hapa ndipo Kiswahili kilikuwa na bahati kuliko Kiacholi cha Lawino. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Zanzibar, na baadaye Bagamoyo mwaka 1868, walikuta lugha ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameizungumzia Mungu kwa karne nyingi. Neema, baraka, dhambi, malaika, roho, hata sala yenyewe, yote yalikuwepo na yalikuwa na maana. Walipokosa neno ndipo walipoleta lao kutoka Kilatini na Kireno: Misa, sakramenti, komunio, Kwaresima. Ndiyo maana mama wa CWA akishika rozari yake Kitui au Kakamega, karibu kila neno zito analolitamka ni neno ambalo Mwislamu wa Lamu pia anasali nalo. Ni la kuazima, ndiyo. Lakini liliazimwa kwa jirani, na lilikuja na maana yake nzima. Mkulima akisema mwaka huu ni wa neema, hakuna anayeuliza neema ni nini.

Kuna neno lingine linalonifurahisha zaidi: utuombee. Ugomvi mzima kati ya Wakatoliki na Waprotestanti kuhusu Maria unakaa ndani ya silabi moja ya neno hili. Kuomba ni kitendo kimoja, kuombea ni kingine. Anayeambiwa "utupe" ana kitu mkononi mwake. Anayeambiwa "utuombee" anatumwa kwa mwenye nacho. Kiingereza kinahitaji maneno matatu kusema hivyo, Kiswahili kinasema kwa kauli ya kutendea, kile kiambishi kidogo ambacho watoto wa darasa la sita hukichukia kwenye mtihani. Mtu akisema Wakatoliki wanamwabudu Maria, mjadala anaweza kuuleta, lakini sarufi haiko upande wake.

Sasa umbo. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka Injili ya Luka, sura ya kwanza: maneno ya malaika Gabrieli, kisha ya Elizabeti, mwanamke mzee mwenye mimba akimkaribisha jamaa yake kijana, naye mjamzito. Nusu ya pili, ile ya ombi, iliongezwa na watu polepole na ikapata umbo lake rasmi katika breviari ya Papa Pius V mwaka 1568. Kwenye jumuiya kiongozi anachukua nusu ya kwanza na wengine wote wanaitika ya pili. Tazama basi kinachotendeka. Kiongozi, ambaye leo ni fundi wa mjengo na kesho ni mtoto wa gredi ya nne, anapewa maneno ya malaika. Watu wanabaki na maneno yao wenyewe, ya wakosefu, na wanaomba kuhusu nyakati mbili tu: sasa hivi, na ile saa ya kufa. Hakuna cha mwaka ujao wala uchaguzi unaokuja. Kwa anayeishi kwa kibarua cha siku, huo ni mpangilio wa wakati anaoujua vizuri.

Ukihesabu na zile tatu za mwanzo, rozari ya matendo matano ina Salamu Maria 53. Hapo ndipo Lawino angeinuka aondoke. Lakini angeenda wapi? Angeenda ngomani, na ngomani kuna kiongozi na kuna waitikiaji, na kiitikio kinarudiwa mpaka miguu ichoke. Hakuna anayesimamisha ngoma kuuliza kwa nini mstari ule ule umerudi, maana kurudi kwake ndiko kunakomruhusu mgeni aingie. Utenzi wa Okot wenyewe unasimama juu ya marudio: ule usemi wa boga na boma la zamani umerudi mara ngapi? Nadhani Lawino alikuwa sahihi kuhusu darasa, ambako maneno yalipigiwa kelele na watu wasio na sababu ya kuyasema. Alikosea tu kama alidhani marudio ndiyo kosa.

Sababu ya kuyasema ndiyo nia. Kabla ya kila tendo kiongozi huuliza nani ana nia, na hapo Kiswahili cha kitabu kinaisha. Mtu atasema kijana wake amerudishwa nyumbani kwa karo. Mwingine atasema bwana yake hajalala nyumbani tangu Jumanne, tumwombee. Mama mboga atasema tu, "Mambo imekuwa ngumu," na kila mtu ataelewa kwa sababu wameona kibanda kimefungwa. Hii ndiyo sehemu ambayo haijaandikwa popote, na kwangu mimi ndiyo kilele cha utungo mzima. Maneno kumi yasiyobadilika yanakuja baada yake kama kifuniko. Hakuna anayelazimika kutoa ushauri, wala kutafuta la kusema mbele ya msiba. Nani hajawahi kukaa matangani usiku wa tatu, wakati pole zimekwisha, akashukuru kwamba mtu ameanzisha rozari?

Kwa hiyo ukiniuliza leo rozari inaugua wapi, sitakuonyesha zile 53. Nitakuonyesha nia. Siku hizi kiongozi anafungua simu na kusoma nia zilizotumwa kwenye WhatsApp, zimepangwa vizuri, zina vituo na mikato: kwa ajili ya wagonjwa wote, kwa ajili ya viongozi wetu, kwa ajili ya amani duniani. Haziudhi mtu, na hazimhusu mtu. Mgonjwa wote hana nyumba namba. Zile nia za zamani zilikuwa na kazi baada ya amina: mwenyekiti alijua Jumamosi mwende kumwona nani, na mchango ule wa shilingi hamsini hamsini upelekwe mlango gani. Nia ikikosa jina, jumuiya inakosa anwani.

Sisemi nia za mdomo ni safi. Tunazijua zile za mafumbo, mtu anapomwombea "dada fulani aache mambo yake" na shingo zote zinageuka upande mmoja. Tunazijua pia zile zinazombebesha Mungu kazi ya serikali: tunaombea zahanati ipate dawa mwaka wa nne mfululizo, na hakuna aliyeandika barua kwa mwakilishi wa wadi. Hayo ni makosa ya kweli na jumuiya inafaa iyaseme. Lakini ni makosa ya watu walio na la kusema. Yanaweza kukemewa na mzee mmoja mwenye busara kabla ya baraka ya mwisho. Nia ya kunakili haikemeeki, maana hakuna aliyeisema.

Lawino akija jumuiyani leo, Alhamisi jioni, kwenye nyumba ya mabati yenye viti vya kuazima, sidhani angecheka Salamu Maria. Angeielewa kila neno, na angeshika kiitikio kabla ya tendo la pili. Angeinua jicho pale ambapo kiongozi anatelezesha kidole kwenye kioo cha simu na kusoma huzuni ya mtu asiyemjua, huku mama mwenye kibanda kilichofungwa amekaa karibu na mlango, rozari mkononi, akingoja aulizwe.